Redio Nzima, Injini Nzima, Kelele Inatoka Wapi?

Mkamate mwanafunzi yeyote wa mwaka wa tatu anayesoma ualimu wa fizikia hapa chuoni, hata iwe saa nane ya usiku anatoka kupiga msuli, umuulize kanuni ya Faraday. Ataitaja bila kupepesa macho. Atakuongezea na ya Lenz, na ukimpa karatasi atakuchorea koili, sumaku na mshale wa mkondo. Sasa mpeleke gereji. Mwoneshe lori la dizeli ambalo injini ikiwaka tu, redio ya mawasiliano inakoroma na haisikiki neno. Mwambie Faraday yumo humo ndani, amtafute. Wengi wetu tungezunguka lile lori mara mbili, tukapiga picha ya status, tukarudi hosteli.

Naandika makala hii kwa serikali yetu ya wanafunzi na kwa walimu wetu pia, kama watapita ukurasa huu. Nadai kitu kimoja. Sisi tunaoandaliwa kwenda kufundisha fizikia tupewe walau wiki moja kwenye gereji au karakana kabla ya TP, na tatizo la kwanza tutakalowekewa mezani liwe hili hili la kelele ya redio kwenye gari la dizeli. Kuna sababu ya kuchagua hili na si kubadilisha plagi au kuchomelea geti, na inabidi niingie kwenye nyaya kidogo ili ieleweke. Wa Sanaa msikimbie, nitakwenda taratibu.

Kwanza redio zenyewe. Mtu wa mjini atasema hizo redio koli za nini wakati kila mtu ana simu mbili. Sawa, ila likizo nakaa Arusha kwa mjomba wangu ambaye ni fundi umeme wa magari, na pale gereji yanakuja malori yanayopeleka mboga, maji, gesi na mafuta kwenye kambi za watalii Serengeti. Ukishapita Ngorongoro ukaanza kushuka kuelekea Naabi, kuna vipande virefu ambavyo simu inabaki kuwa tochi. Masika ukinasa kwenye ule udongo mweusi, kinachokuokoa ni redio ya HF, ile yenye antena ndefu iliyosimama mbele kwenye bampa, inayoweza kuongea na ofisi ya Arusha moja kwa moja bila mnara katikati. Kwa hiyo dereva asiyesikia redio yake ana shida kubwa kuliko ya kukosa muziki.

Na dereva wa lori ninalotaka kulisimulia alikuwa amejitungia dawa yake: akitaka kusikia, anazima injini. Fikiria hilo. Uko peke yako, umenasa, betri huiamini sana, na ili usikie ofisi inasemaje lazima uzime injini ambayo huna hakika itawaka tena.

Zamani shida hii kwenye dizeli ilikuwa ndogo. Gari la petroli lina plagi, na plagi ni cheche, na cheche ni kituo cha redio. Sisemi kwa mfano, ni hivyo kweli: Heinrich Hertz alipothibitisha mawimbi ya redio kule Karlsruhe mwaka 1887 alitumia cheche kuyatoa, na Marconi naye alianza biashara yake kwa mitambo ya cheche. Ndiyo maana magari ya petroli yalilalamikiwa mapema, na ilipofika mwaka 1934 kulikuwa tayari na kamati ya kimataifa ya kushughulikia kelele za redio, CISPR, ambayo mpaka leo viwango vyake ndivyo watengeneza magari wanapimwa navyo. Dizeli ya zamani haina plagi za cheche. Ina pampu inayosukuma mafuta kwa nguvu ya chuma, nozeli zinafunguka kwa presha, basi. Ungeweza kufunga redio juu ya injini ile na usisikie kitu zaidi ya mluzi wa alteneta.

Kisha ikaja mifumo ya komon reli. Wajapani wa Denso waliiweka sokoni kwenye lori la Hino Ranger mwaka 1995, Ulaya ikafuata kwenye magari madogo mwaka 1997. Humo nozeli haifunguliwi na presha peke yake. Inaamriwa na kompyuta ya injini, kontroli boksi kama mafundi wetu wanavyoiita, kwa kupigwa shoti fupi ya umeme. Na si umeme wa betri wa kawaida. Boksi linapandisha volti hadi kiasi cha 65 au 100, nozeli nyingine zaidi ya hapo, ili sumaku yake ifunguke haraka, na mkondo unaruka hadi karibu ampea 20 kwa muda ambao huwezi hata kuufikiria. (Ndiyo, ni umeme wa kuumiza. Usishike waya wa nozeli injini ikiwaka.)

Chukua sasa daftari lako la mwaka wa kwanza. Injini ya silinda 6 inayokwenda mizunguko 600 kwa dakika, yaani imeachwa tu ikiunguruma, inapiga nozeli mara 30 kila sekunde. Ikifika 1,800 ni mara 90, na kama kompyuta inagawa mafuta kwa awamu mbili kila mpigo ni mara 180. Tuseme mkondo unapanda ampea 20 ndani ya sehemu 100 za milioni ya sekunde. Hiyo ni kasi ya ampea 200,000 kwa sekunde. Waya wa antena ukilazwa kando ya waya wa nozeli, hata mahusiano yao ya kisumaku yakiwa madogo, tuseme mikrohenri 1, unapata volti 0.2 kwenye waya ambao haukuguswa na mtu. Na redio ya HF imetengenezwa isikie robo ya milioni moja ya volti! Sehemu kubwa ya hiyo volti 0.2 iko chini mno kwenye masafa ambayo redio haiyasikilizi, lakini hata kikipenya kipande kimoja katika milioni, kinatosha kumfunika mtu wa Arusha anayekuita.

Huyo ndiye Faraday. Amelala pale chini ya kichwa cha lori, kwenye vumbi na grisi.

Sasa turudi kwa lile lori. Lilifika kwa mjomba likiwa limeshazunguka. Mwenye lori alianza kwa fundi wa redio. Fundi akaitoa redio, akaiweka mezani kwake, akaiunganisha na umeme wa mezani na antena ya juu ya paa. Safi kabisa, inasikika hadi Mwanza. Akasema redio nzima, nendeni kwa watu wa injini. Watu wa injini wakachomeka mashine yao ya kusoma hitilafu. Hakuna kodi hata moja. Wakasema injini nzima, tatizo ni redio yenu. Mwenye lori akafanya wanachofanya watu wenye haraka na hela kidogo: akanunua redio nyingine. Kelele ikabaki vilevile.

Naomba msomaji asiwacheke hawa mafundi wawili. Wote walisema kweli. Redio ilikuwa nzima. Injini ilikuwa nzima. Kila mmoja alipima kilicho chake kwa uaminifu, na tatizo lilikuwa mahali ambapo hakuna aliyeitwa fundi wake, pale katikati.

Mjomba hakugusa chochote kwa karibu saa nzima. Alimwita mzee mmoja anayezijua HF tangu zamani, wakakaa ndani ya kichwa cha lori wawili wao, mimi nimening'inia mlangoni, wakawa wanasikiliza tu. "Mjomba, mbona hamfungui?" nikauliza. "Nifungue nini," akasema, "sijajua nani anapiga kelele."

Walichofanya, mwanafunzi wa ualimu angekiita somo la vitendo na kukipa alama nzuri, kama angekiona. Kwanza swichi imezimwa, injini imezimwa, redio peke yake inawaka. Kulikuwa na mvumo mwembamba usiobadilika. Dereva akasema huo upo siku zote, ndivyo HF zilivyo. Mzee akatikisa kichwa. Akamtuma kijana alete betri ya bodaboda, wakaichomoa redio kwenye umeme wa lori na kuipa ile betri ndogo. (Kwa kusikiliza tu inatosha; ukibonyeza kuongea redio ya wati 100 itaimaliza pale pale.) Mvumo ukakata. Ukapatikana ukimya ambao yule dereva, kwa maneno yake, hakuwahi kuusikia kwenye gari lile.

Basi, mkosaji wa kwanza ni umeme unaoilisha redio. Lori lina betri mbili, volti 24. Redio inataka 12 na kitu. Katikati kuna kikonveta cha kushusha volti, na hiki kilikuwa cha bei chee, boksi la plastiki, kimefungwa nyuma ya dashibodi. Vikonveta hivi havishushi volti kwa upole. Vinakata na kuunganisha umeme maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato ni kelele inayopanda hadi kwenye masafa ya redio. Hapa niseme kitu kwa ajili ya wenye magari ya volti 24 wanaosoma: msikwepe kikonveta kwa kuchukua volti 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili. Inafanywa sana. Betri moja inanyonywa, nyingine inajazwa kupita kiasi, na zote mbili zinakufa mapema.

Hatua ya pili, redio ikiwa bado kwenye betri ya bodaboda, wakawasha injini. Ukaja mkwaruzo, drrrr, kama pikipiki iliyo ng'ambo ya kilima. Mjomba akakanyaga mafuta na mkwaruzo ukapanda kasi naye. Mzee akachomoa antena. Kimya. Akairudisha. Drrrr. Jaribio la sekunde 5 hilo, na limeshakuambia kwamba kelele ya nozeli haipiti kwenye umeme wa redio, inaingilia antena.

Tatu, wakairudisha redio kwenye umeme wa lori, injini ikiwaka. Juu ya mvumo na mkwaruzo ukaongezeka mluzi mwembamba unaopanda na injini. Alteneta. Hapa nilipiga hesabu mwenyewe kwenye simu: alteneta ya kawaida yenye ncha 12 za sumaku inatoa mawimbi madogo 36 kila ikizunguka mara moja, na kwa kuwa puli yake inaizungusha kama mara 3 ya injini, injini ikiwa kwenye 600 unapata mawimbi 1,080 kwa sekunde. Sauti ya 1,080 kwa sekunde ni mluzi, karibu na noti ya do ya juu kwenye kinanda. Ofisini Arusha walikuwa wakiusikia kila siku nyuma ya sauti ya dereva, wakidhani ndio upepo wa Serengeti.

Kelele moja, kumbe ni tatu, kila moja na njia yake. Ndiyo maana kubadilisha redio hakukusaidia, na kununua kichujio kimoja dukani kusingesaidia vilevile, kingezima moja na kuacha mbili, halafu watu wangesema vichujio ni utapeli.

Matengenezo yenyewe siyo ya kutisha. Kikonveta kikabadilishwa kikawekwa chenye boksi la chuma na uchujaji ndani, kikasogezwa karibu na betri, na waya wa hasi wa redio ukatolewa kwenye bolti ya dashibodi ukapelekwa moja kwa moja kwenye kikonveta, sambamba na wa chanya, na fyuzi yake. Mvumo ukaisha na mluzi ukaenda nao. Ile bolti ya dashibodi ilikuwa inapitisha mkondo wa vitu vingine kumi, na redio ilikuwa inauhesabu kama sauti.

Mkwaruzo wa nozeli ulichukua siku nzima. Kitako cha antena kilikuwa kimefungwa juu ya bampa lililopakwa rangi, bolti zimeshika kutu. Ukipima kwa mita unaona eathi ipo. Kwa umeme wa betri ipo kweli. Kwa umeme wa masafa ya redio haipo, kwa sababu huo unatembea juu ya ngozi ya chuma, na ngozi yenyewe ni rangi na kutu. Wakakwangua hadi chuma kikang'aa, wakafunga mkanda bapa wa nyuzi za shaba kutoka kitako hadi chasisi. Mkanda bapa, siyo waya wa mviringo, kwa kuwa bapa unaupitisha umeme wa aina hii kwa urahisi zaidi. Mwingine kutoka injini hadi chasisi, mwingine kutoka kichwa cha lori hadi chasisi, maana kichwa kinakaa juu ya mipira na kwa redio ni kama kinaelea. Mikanda ilikatwa kwenye waya za eathi za magari mabovu yaliyolala uani. Kisha waya wa antena, uliokuwa umefungwa pamoja na fungu la waya za nozeli kwa unadhifu mzuri sana wa macho, ukang'olewa ukapitishwa upande wa pili wa chasisi. Ikabidi uvuke fungu lile mahali pamoja tu, ukavushwa kwa kukata msalaba, siyo kwa kulala sambamba.

Mwisho feraiti. Kila mtu chuoni anaijua kwa macho: kile kinundu kwenye waya wa kompyuta au wa skrini ambacho watoto hudhani ni betri. Ni kipande cha feraiti kinachokabili kelele ya masafa ya juu na kuuacha umeme wa kawaida upite. Mzee aliuzungusha waya wa antena mara kadhaa ndani ya pete kubwa ya feraiti karibu na redio. Kadiri mizunguko inavyoongezeka nguvu yake inaongezeka kwa kipeo cha pili, kwa hiyo mizunguko 3 ni mara 9 ya mmoja. Kwenye waya za nozeli hakugusa. Kijana mmoja wa gereji alipendekeza kapasita pale, akakatazwa kwa ukali. Kompyuta inapima mkondo wa nozeli ili ijue imefunguka saa ngapi. Ukiweka kapasita unaidanganya, au unaiua.

Kulikuwa na upande wa pili wa shida ambao dereva aliutaja baadaye kabisa, karibu kwa aibu, kama mtu anayedhani ataitwa mwongo: akibonyeza kuongea, injini inakohoa. Mlio unashuka, taa ya onyo inawaka, akiachia inarudi. Hakuna uchawi. Wati 100 zilikuwa zinatoka kwenye antena yenye eathi mbovu na kurudi kwa mgongo wa waya wake hadi ndani ya gari. Kihisio cha pedali ya mafuta kinaongea na kompyuta kwa volti kati ya sifuri na 5. Ongeza uchafu kidogo wa redio pale, na kompyuta inadhani mguu wa dereva umehama. Baada ya kukwangua na kufunga mikanda, hali hiyo iliondoka kwenye chaneli zote isipokuwa moja. Wakabana vipande vya feraiti juu ya waya wa pedali, bila kukata hata waya mmoja, na hiyo moja nayo ikatulia.

Kelele haikuisha yote. Ukiongeza sauti unasikia bado nozeli kwa mbali. Lakini dereva anasikia injini ikiwaka, na lori lilirudi njiani.

Sasa chuo kinaingiaje hapa? Kinaingia kwa sababu mafundi wale wawili wa kwanza ni sisi. Fizikia tunafundishwa na watu wa sayansi, jengo moja. Mbinu za kufundisha tunafundishwa na watu wa elimu, jengo jingine. Kila upande una mitihani yake, na kila upande ukitupima unakuta tuko salama. Huku tunafaulu usumakuumeme, kule tunafaulu andalio la somo. Kisha tunapelekwa TP kufundisha Kidato cha Nne usumakuumeme kwa andalio la somo, na mkwaruzo unaanza. Mwanafunzi anauliza, "Mwalimu, hii inatumika wapi?" na mwalimu wa mazoezi anasema jenereta, transfoma, basi. Msimamizi aliyekaa nyuma anaandika "zana za kufundishia: zipo", kwa sababu kuna manila ukutani yenye mchoro wa transfoma. Jengo la sayansi litasema fizikia ya mtoto huyu nzima. La elimu litasema mbinu zake nzima.

Waya wa katikati hauna fundi.

Nimeshajibiwa mara mbili tatu nilipoleta hoja hii kwenye semina. Jibu la kwanza ni kwamba sisi ni walimu, siyo mafundi; anayetaka gereji aende VETA. Naliheshimu jibu hili kuliko linavyosikika, maana kweli hatuwezi kuwa kila kitu. Ila sidai tujifunze kutengeneza malori. Nadai tuone mara moja, kwa macho, jinsi mtu anavyofikiri anapokuwa na swali ambalo jibu lake halipo nyuma ya kitabu: badilisha kitu kimoja, sikiliza, kirudishe, badilisha kingine. Kwenye maabara yetu jaribio linakuja limeshapikwa. Unajua pendulamu itatoa ngapi kabla hujaifunga uzi, na kama haikutoa hiyo, tuseme ukweli, data zinapikwa zitoe hiyo. Lile lori halipikiki.

Jibu la pili ni hela. Bumu lenyewe likichelewa watu wanakula mihogo, gereji ya nini? Lakini gereji zipo kila mji, na mafundi ninaowajua wanapenda mno mtu anayewauliza maswali, hasa akiwa na mikono ya kushika spana. Gharama ni nauli na ovaroli.

La tatu ndilo linaloniudhi: kwamba shule tutakazopangiwa hazina maabara, kwa hiyo haya yote ni anasa. Ni kinyume chake kabisa. Mwalimu aliyeiona kelele ya lori ikisakwa hahitaji lori wala maabara. Anahitaji redio ya mkulima yenye AM. Iweke masafa ya kati, mahali pasipo na stesheni, isogeze karibu na chaja ya simu ya bei rahisi: inakoroma. Isogeze kwenye taa ya sola yenye kikonveta chake: inavuma. Washa na kuzima swichi ya ukutani: tak, cheche ya Hertz hiyo. Mpe mwanafunzi redio aitembeze darasani atafute kelele inatoka wapi, kisha mwambie aigeuze upande na aeleze kwa nini kelele imepungua, maana ndani kuna kijiti cha feraiti ambacho ni antena na kina mwelekeo wake. Ni dakika 40, vipindi vya kawaida, na hakuna manila.

Halafu kuna lugha. Mjomba na yule mzee walizungumza saa nane nzima juu ya usumakuumeme bila neno la Kiingereza zaidi ya majina ya vifaa. Kelele "inapanda" kwenye waya, waya mmoja "unamwibia" jirani, eathi "ipo ya macho lakini haipo ya redio". Nilielewa kwa siku moja kitu ambacho nilikuwa nakijua kwa miaka mitatu kwa Kiingereza cha mtihani. Siingii leo kwenye mjadala wa lugha ya kufundishia, una makala zake, ila ningependa walimu wa mbinu wasikie watu wale wakiongea.

Ninachoomba serikali ya wanafunzi ifanye ni kidogo na kinafanyika muhula huu huu. Waziri wa elimu wa wanafunzi apeleke barua mbili, moja jengo la sayansi na moja la elimu, zenye maneno yaleyale, akiomba wakae pamoja mara moja juu ya wiki ya karakana kwa mwaka wa pili. Mara moja tu. Wakati wanasubiri kukaa, sisi wenyewe tunaweza kuanza Jumamosi. Mwenye redio ya mkulima aje nayo, mwenye chaja mbovu asiitupe, na kama kuna mtu ana betri ya bodaboda tutaishukuru. Nozeli moja iliyokufa ninayo tayari, mjomba alinipa, iko chumbani ndani ya soksi kwa sababu bado inavuja dizeli na mwenzangu wa chumba ameshalalamika.